Uliza Mwalimu: Mkia wa wimbi usipokubali kufa

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati, niko Morogoro. Mlinganyo wa Schrödinger nimeufanyia mtihani na nimefaulu, lakini sitakuficha: nilikariri. Elektroni ndani ya sanduku nilikariri, atomi ya haidrojeni nilikariri. Kila mara tunafika mahali mhadhiri anaandika ubaoni “suluhisho hili tunalitupa”, kisha anaendelea. Nilipouliza kwa nini tunalitupa, darasa likacheka, naye akasema ndivyo fizikia ilivyo. Nina maswali mawili. Ngazi za nishati zinatoka wapi hasa? Maana nikiutazama mlinganyo wenyewe sioni ngazi humo. Na pale unaposhindikana kwa kalamu, watu huutatuaje?*

*Mkariri, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha, ila mkariri hawezi kuuliza swali la namna hii. Kwa msomaji mwingine: mlinganyo wa Schrödinger hutoa wimbi la chembe ndogo kama elektroni, na ngazi ni zile nishati chache tu ambazo chembe iliyofungwa inaruhusiwa kuwa nazo. Huzioni ngazi ndani ya mlinganyo kwa sababu hazimo. Upe mlinganyo ule nishati yoyote uitakayo, iwe 0.9, iwe 0.9137, utakupa wimbi bila kulalamika. Ngazi zinazaliwa pale unapolitaka hilo wimbi liwe na adabu kwenye ncha zake, na kazi yote ya kutatua ni kuzitafuta nishati chache ambazo mawimbi yake yana adabu hiyo.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, na baba yangu mdogo alikuwa mpiga kanuni. Kanuni ya taarabu nasema, siyo ya Newton. Jioni alikuwa ananipa ufunguo nikaze nyuzi huku yeye akisikiliza, na nikikosea ananipiga kikonzi. Uzi wa kanuni umeshikwa huku na umeshikwa kule. Ukiupiga, hauna budi kutulia kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo nusu-wimbi moja itaenea, mbili zitaenea, tatu zitaenea, lakini moja na robo haitaenea hata ukiapa. Sasa, uzi wenyewe ulipokuwa umezungushwa kwenye kibunda dukani ulikuwa na hesabu hizo za moja, mbili, tatu? Haukuwa nazo. Zimeletwa na mahali ulipofungwa.

Elektroni ndani ya sanduku ni habari hiyo hiyo. Kuta mbili zinalilazimisha wimbi liwe sifuri huku na kule, basi yanabaki yale yanayoenea tu. Chukua sanduku la upana wa nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita): nishati ya kwanza, kwa elektronivolti, kipimo cha nishati cha ulimwengu wa atomi, ni 0.38, ya pili 1.50, ya tatu 3.38. Hapa kanuni na elektroni wanaachana njia. Sauti za uzi hupanda 1, 2, 3, ila nishati za elektroni hupanda 1, 4, 9, kwa sababu kasi ndiyo inayofuata idadi ya nusu-mawimbi, na nishati hufuata kasi kwa kipeo cha pili. Ukilibana sanduku liwe nusu ya upana wake, kila nishati inakuwa mara 4. Kiweke akilini hicho, fundi wa Mombasa atakihitaji hapo chini.

Kilichokukwaza wewe, nadhani, ni kwamba sanduku lina kuta ngumu na dunia haina. Atomi haina ukuta. Ina bonde, na miteremko yake inapanda polepole, na wimbi linaruhusiwa kuingia hata kule ambako nishati yake haitoshi kufika. Nani basi anashika ncha ya uzi? Hapo ndipo wahadhiri wengi wanapopita mbio, na hapo ndipo nataka tukae.

Tuchukue bonde rahisi, lile la chembe iliyofungwa kwenye springi. Tukipima umbali na nishati kwa vipimo vinavyoifaa springi yenyewe, mlinganyo unabaki hivi:

ψ″ = (x² − ε)ψ

ψ ni wimbi, x ni umbali kutoka katikati, na ε ni nishati tunayoitafuta. Ile ψ″ isikutishe. Ni mpindo wa mstari: mwinuko wake unabadilika kwa kiasi gani unapopiga hatua. Soma mlinganyo kama sentensi. Karibu na katikati, x² ni ndogo kuliko ε, kwa hiyo alama ni hasi na mpindo unalielekeza wimbi kwenye sifuri: likiwa juu linapinda chini, likiwa chini linapinda juu. Ndiyo maana linayumba. Ukivuka mahali x² inapoizidi ε, alama inageuka, na mpindo sasa unalisukuma wimbi mbali na sifuri. Likiwa juu linapinda kwenda juu zaidi, likiwa chini linapinda kwenda chini zaidi. Kule mbali, wimbi ni kama mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba wenye shimo kulia na shimo kushoto.

Mwaka 1987 nilikuwa nafundisha shule moja ya bweni, na Jumamosi tulikuwa na klabu ya fizikia. Kompyuta hatukuwa nayo. Vikokotoo vilikuwa vitatu, kimoja changu. Nikaamua kuwafanya wanafunzi wenyewe wawe mashine. Niliwakalisha safu mbili, moja dirishani na moja ukutani, kila mmoja na kipande cha karatasi. Kila mwanafunzi alikuwa mahali pamoja kwenye mstari wa x: wa kwanza 0, wa pili 0.5, wa tatu 1, na kuendelea hadi 3. Kazi ya kila mmoja ilikuwa kupokea namba mbili kutoka kwa waliomtangulia na kutoa moja, kwa sheria hii:

namba ijayo = 2 × namba ya sasa − namba iliyopita + 0.25 × (x² − ε) × namba ya sasa

Ile 0.25 ni hatua yetu ya 0.5 kwa kipeo cha pili. Wa kwanza anaanza na 1, wa pili anapewa 1 − 0.125ε kwa kuwa kileleni wimbi liko tambarare, kisha mnyororo unaanza. Safu ya dirishani niliipa ε = 0.9. Safu ya ukutani niliipa 1.1.

Mwanzoni hakuna aliyeona tofauti. Kwenye x = 0.5 dirishani walipata 0.89, ukutani 0.86. Kwenye x = 1 walipata 0.63 na 0.54. Ilipofika 1.5 wakaanza kuchungulia karatasi za wenzao: 0.39 huku, 0.21 kule. Kwenye x = 2 dirishani walikuwa na 0.28, na ukutani msichana mmoja akanyoosha mkono akasema, “Mwalimu, yangu imekuwa hasi, nimekosea.” Hakukosea. Alipata −0.07. Mwisho wa safu, kwenye x = 3, dirishani ilisomeka 1.02 na ukutani −1.22. Mmoja ametumbukia shimo la juu, mwenzake la chini, na kati yao kuna tofauti ya nishati ya 0.2 tu.

Nikawauliza: kama 0.9 inakwenda juu na 1.1 inakwenda chini, jibu liko wapi? Darasa zima likapiga kelele, “Moja!” Tukajaribu 1.0, mkia ukaishia −0.17, bado chini. Tukajaribu 0.98, ukaishia 0.06, juu kidogo. Kwa hiyo kwa mashine yetu ya watu nishati ilikuwa kati ya 0.98 na 1.0. Jibu la kweli la springi ni 1 kamili. Upungufu wetu ulitokana na hatua kubwa za 0.5, ukitumia hatua za 0.1 kosa linapungua karibu mara 25. Kijana mmoja alitaka tufanye hivyo hivyo kwa hatua za 0.1, akaambiwa na wenzake atafute watu wengine wa kukalia madawati.

Hapo umejibiwa maswali yote mawili kwa pamoja, mwanangu. Uzi wa kanuni umeshikwa na chuma. Wimbi la atomi limeshikwa na sharti kwamba mkia ufe kule mbali. Nishati zote kati ya 1 na ngazi inayofuata zinatoa mikia inayolipuka, na hizo ndizo “tunazotupa”. Hatuzitupi kwa uvivu. Mwaka huo huo mlinganyo ulipotoka, 1926, mwanafizikia Max Born alisema kipeo cha pili cha ψ ndicho kinachotuambia uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani (na kile “kipeo cha pili” alikiweka kwenye tanbihi, baada ya kusahihisha mswada, jambo ambalo bado linanifurahisha). Sasa wimbi ambalo mkia wake unakua bila kikomo linamaanisha nini? Kwamba elektroni ya atomi iliyo mezani kwako karibu hakika haiko mezani, iko mbali, na ukienda huko iko mbali zaidi. Jumla ya uwezekano haiwezi kuwa moja. Wimbi hilo halielezi chembe iliyofungwa, basi.

Na kama chembe haijafungwa? Elektroni ikipewa nishati ya kutosha kutoka kabisa kwenye bonde, hakuna mkia wa kudaiwa ufe, na ngazi zinatoweka. Nishati yoyote inakubalika. Mwanafunzi anayeamini kwamba katika fizikia ya kwanta kila nishati huja kwa ngazi hajawahi kuulizwa ngazi zinatoka wapi.

Kuhusu kukwama, usione haya. Schrödinger aliutafuta mlinganyo huu akiwa na miaka 38, profesa wa Zürich, likizo ya Krismasi ya 1925 katika milima ya Arosa, Uswisi. Siku zile zile alimwandikia mwanafizikia mwenzake Wilhelm Wien akilalamika kwamba laiti angejua hisabati zaidi. Jaribio lake la kwanza kwa haidrojeni, lililozingatia nadharia ya Einstein ya uhusianifu, lilitoa majibu yasiyolingana na vipimo, akaliweka kando. Aliporudi kwenye umbo rahisi zaidi alihitaji msaada wa rafiki yake Hermann Weyl, mwanahisabati, kuushughulikia mlinganyo wa umbali kutoka kwenye kiini. Makala yake ya kwanza ilipokelewa na jarida la *Annalen der Physik* tarehe 27 Januari 1926. Na ndani yake nini kinazichagua ngazi? Ni lile lile: wimbi lisilipuke kwenye kiini, wala lisilipuke kule mbali. Kutoka hapo zikatoka nishati za elektronivolti −13.6 ukigawanya kwa n², n ikiwa namba ya ngazi: 1, 2, 3 na kuendelea.

Ijaribu mwenyewe. Elektroni ikishuka kutoka ngazi ya 3 hadi ya 2 inatoa 13.6 × (1/4 − 1/9), yaani elektronivolti 1.89, na mwanga wenye nishati hiyo una urefu wa wimbi wa nanomita 656. Ni ule mstari mwekundu wa haidrojeni. Fomula ya mistari hiyo ilikuwa imeshapatikana tangu 1885 na Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana mjini Basel, aliyekuwa anakaribia miaka 60 na aliyeipata kwa kuchezea namba tu. Humtaja huyu kila ninapopata nafasi. Si kila siku mwalimu wa sekondari anawatangulia maprofesa kwa miaka mingi.

Sasa pale kalamu inaposhindwa. Inashindwa mapema sana: atomi ya pili tu kwenye jedwali, heli, ina elektroni mbili zinazosukumana, na mlinganyo wake hauna jibu la kuandika kwa mstari mmoja kama wa haidrojeni. Ukijifanya huoni kwamba zinasukumana, utasema kuziondoa zote mbili kunahitaji elektronivolti 108.8. Maabara inasema 79.0. Pengo hilo si la kuzibwa na mbinu za mtihani.

Mwingereza Douglas Hartree alipata njia mwaka 1928. Kisia mawimbi ya elektroni zote. Kwa kila elektroni, hesabu wastani wa msukumo wa wenzake, uuweke kwenye bonde lake, kisha tatua kwa hatua kama tulivyofanya darasani. Utapata mawimbi mapya, tofauti na uliyokisia. Yachukue hayo, rudia. Rudia tena mpaka mawimbi unayoyatoa yawe yale yale uliyoyaingiza. Msaidizi wake mkubwa katika hesabu hizo alikuwa baba yake mzazi, William, aliyekuwa amestaafu, na wote wawili walikuwa wanazungusha mashine za mkono. Mwaka 1934 Hartree na mwanafunzi wake huko Manchester walijenga mashine ya kutatua milinganyo kwa vyuma vya Meccano, vile vya kuchezea watoto. Nami nilidhani nimebuni kitu kwa madawati yangu!

Leo utatumia kompyuta, na hata lahajedwali (spreadsheet) kwenye simu inatosha. Sheria utakayoikuta kwenye programu nyingi ni ya Boris Numerov, mwanafalaki Mrusi aliyeibuni miaka ya 1920 kwa ajili ya kukokotoa njia za sayari ndogo, na aliyeuawa 1941 chini ya utawala wa Stalin. Ni ndugu wa sheria yetu, ila inalipa zaidi: ukipunguza hatua kwa nusu, kosa linashuka mara 16 badala ya mara 4.

Kazi ya kufanya kabla hujaniandikia tena: anza na wimbi likiwa 0 katikati badala ya 1, namba ya pili weka 0.5, na uwinde ngazi inayofuata. Iko karibu na 3, lakini mashine yako ya hatua kubwa itakuambia pungufu kidogo. Nitumie majedwali, usinitumie jibu.

*Mwalimu, hujambo. Binti yangu anasema kuna mwanasayansi aliyemfungia paka kwenye sanduku lenye sumu na kwamba paka huyo yu hai na amekufa kwa wakati mmoja. Ni kweli? Na kwa nini hakushtakiwa?*

*Mama Mwenye Paka, Bukoba*

Sijambo, mama. Ni Schrödinger huyo huyo, ila hakuna paka aliyeguswa. Mwaka 1935 aliandika mfano huo ili kuwadhihaki waliokuwa wanasema kipimo ndicho kinachoamua hali ya kitu. Alikuwa anawaambia: mkisema hivyo, tazameni mtakavyolazimika kusema juu ya paka. Dunia imemnukuu kana kwamba alikuwa anaushabikia upuuzi aliokuwa anaucheka. Mwambie binti asome na sehemu ya kwanza ya mjadala, siyo paka peke yake.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni fundi wa runinga hapa Mombasa. Wateja wananiuliza hizi TV za “nukta za kwanta” zina nini cha zaidi. Je, ni fizikia kweli au ni maneno ya kuuzia? Nisije nikamdanganya mtu.*

*Fundi, Mombasa*

Wa aleikum salaam, fundi. Ni fizikia kweli, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023 ilitolewa kwa ajili yake, kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov. Nukta ya kwanta ni kipande cha fuwele chenye upana wa nanomita chache, na elektroni ndani yake imefungiwa kama ile ya sanduku niliyomweleza kijana wa Morogoro hapo juu. Ukilibana sanduku, nishati inapanda. Kwa hiyo nyenzo ile ile moja, ikikatwa vipande vidogo inatoa mwanga unaoelekea buluu, ikikatwa vikubwa zaidi inaelekea wekundu. Hubadilishi kemikali, unabadilisha ukubwa tu. Namba nilizompa kijana usizitumie moja kwa moja kwenye runinga, maana ndani ya fuwele elektroni huonekana nyepesi kuliko ilivyo nje, na fuwele yenyewe ina nishati yake ya msingi inayoongezwa juu. Ila mwelekeo ni ule ule.

Sasa upande wa maneno ya kuuzia. Katika runinga nyingi za aina hiyo nukta haziwashwi na umeme. Zimepakwa kwenye karatasi nyembamba nyuma ya skrini. Taa za nyuma ni za LED za buluu. Nukta zinameza sehemu ya buluu hiyo na kuitoa ikiwa kijani na nyekundu safi, na kioo cha mbele kinachuja kama skrini yoyote ya LCD. Faida ya kweli ni rangi zilizokolea vizuri. Mteja akikuletea moja ina sauti lakini haina picha, pima taa za nyuma na umeme wake kwanza kama ulivyozoea. Taa zikifa skrini itakuwa nyeusi hata kama karatasi ya nukta ni nzima kabisa, na ukifungua, iwekee hiyo karatasi upande wake ule ule na usiikunje.